Mikono ya Mawese

Kila ninapoanza kupaka rangi boti, hunawa mikono mbele ya watu. Sinawi nyuma ya karakana, wala sinawi haraka haraka. Naweka ndoo pale ambapo kila aliye ufukweni Bangwe ataniona, nakunja shati hadi kwenye viwiko, namimina sabuni ya unga, nasugua kama daktari anayekwenda kupasua mtu. Wageni hudhani ni usafi tu. Wenyeji wanajua. Wengine hugeuza macho upande wa ziwa, na hao wanaogeuza macho ndio ninaowanawia.

Mimi ni fundi wa maboti ya chuma, na sioni kwa nini niliseme hilo kwa sauti ya chini. Nina stashahada ya uhandisi wa mitambo. Imo ndani ya fremu ya kioo sebuleni kwangu Ujiji, imetazamana na mlango, ili anayeingia asalimiane nayo kwanza kabla ya kusalimiana na mimi. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Mchana nilikuwa nachomelea mageti ya watu, jioni naingia darasani na macho mekundu ya moto wa kuchomelea, na bado nilikuwa nawapita waliokuja wamelala vizuri. Nilitoka Kigoma na begi moja la nailoni. Nimerudi na grenda, mashine ya kuchomelea, kompresa, na jina ambalo mafundi wa Mwanza wanalitaja kwa heshima.

Lakini Bangwe walikuwa wameniwekea jina jingine, na lilinisubiri miaka yote hiyo kama mbwa aliyefungwa langoni.

Nieleze lilivyoanza.

Nilipomaliza kidato cha nne sikuwa na pa kwenda, nikaomba kazi kwa fundi mkuu wa maboti pale ufukweni. Wakati huo alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anaposalimia. Alikuwa amekulia kwenye maboti ya mbao, na kwa mbao sitamnyima haki yake: ubao alioupindisha yeye ulipinda ukakubali. Kuhusu rangi, sheria yake ilikuwa moja. Tulipaka alfajiri, kabla jua halijafika ufukweni.

Asiyeijua Kigoma ataona ni jambo dogo. Kwetu vilima viko mashariki na ziwa liko magharibi. Jua huchomoza nyuma ya vilima, watu wa juu kule Kalinzi wakawa wameshaota moto wake, nasi chini ufukweni bado tumo kivulini tunapuliza mikono. Saa hizo hakuna upepo wala vumbi, na rangi ya mafuta ikipakwa kwenye mbao haikauki upesi ikaacha mistari ya brashi. Mbao nayo hunywa unyevu kidogo bila kulalamika. Kwa hiyo sheria ya alfajiri ilikuwa nzuri, kwa mbao. Baba yake aliifuata, na mafundi wote wa ufukwe ule waliifuata, hadi ikawa kama adhana: hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kisha yakaja maboti ya chuma.

Boti ya kwanza ya chuma kupakwa pale kwetu ilikuwa ya mama mmoja mfanyabiashara, aliyekuwa akipeleka watu na mizigo kwenye vijiji vya kusini mwa ziwa visivyofikika kwa gari. Alileta rangi ambayo hatukuwa tumewahi kuishika, ile ya makopo mawili inayoitwa epoksi: kopo moja ni rangi, kopo la pili ni dawa ya kuigandisha. Ukishachanganya, huna muda wa kupiga soga. Ikikauka vizuri inakuwa ngumu kama kigae, na kutu haipati pa kuingilia. Fundi mkuu alisoma maelekezo kwenye kopo, akachanganya sawasawa, na tukapaka alfajiri. Kesho yake alfajiri tukapaka mkono wa pili, tabaka juu ya tabaka.

Siku ya kuishusha boti majini ufukwe mzima ulikuja kusukuma, kama ilivyo desturi. Yule mama alikuwa amepika pilau. Kamba zilifungwa ubavuni, wanaume wakaimba, boti ikaanza kuteleza juu ya magogo. Ndipo kamba moja ilipojisugua ubavuni, na rangi ikabanduka. Haikukwaruzika, ilibanduka vipande vizima kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Wimbo ukakatika katikati.

Fundi mkuu aliokota kipande kimoja, akakigeuza, akakisugua kwa kidole gumba. Nikamwona uso unabadilika.

"Inateleza," alisema. "Kuna mafuta hapa." Akanyanyua macho, akayapitisha kwa vibarua mmoja mmoja, akayaleta hadi kwangu na kuyaacha hapo. "Kati yenu, nani kwao wanauza mawese?"

Kila mtu alijua. Mama yangu alikuwa akiuza mafuta ya mawese soko la Ujiji tangu sijazaliwa. Kucha zake zilikuwa na rangi ya machungwa isiyotoka hata kwa ndimu. Kila siku nilikuja kazini nikiwa nimekula ugali na samaki wa migebuka walioungwa kwa mawese hayo hayo.

"Mzee, nilinawa," nilisema.

"Ulinawa wapi? Nani alikuona?"

Mtu mmoja nyuma akadakia, "Huyo hata ukimtia majini ataelea juu juu!" Watu wakacheka, hata waliokuwa wameshika kamba. Nami nilikigusa kile kipande cha rangi, na kweli kilikuwa kinateleza. Hilo ndilo lililoniua. Kidole changu mwenyewe kilikuwa upande wa fundi mkuu.

Mwenye boti alinitazama kwa huruma, huruma ile inayouma kuliko kofi. Akasema, "Nenda kanawe, mwanangu."

Nikaenda. Niliinama ziwani mbele ya watu wote nikanawa, na nilipoinuka nilikuwa nimeshahukumiwa. Jioni hiyo jina lilikuwa limefika Ujiji kabla yangu: Mikono ya Mawese. Sokoni walimfuata mama na chupa zao: "Mama, haya ya leo ni ya kupikia au ya kubandulia rangi?" Mama alicheka nao, kwa sababu muuzaji hana budi kucheka. Nyumbani hakucheka.

Niliondoka na treni, nikaapa nitarudi, na sikuapa kwa hasira ya siku moja. Hasira yangu niliitunza vizuri. Niliipaka rangi, nikaifunika, haikupata kutu.

Mwanza nilipata kibarua kwenye karakana ya kutengeneza meli ndogo. Asubuhi moja ya mvua, nikiwa naandaa tumbo la boti kwa mkono wa pili, nilipitisha kiganja kwenye rangi ya jana nikashtuka. Ulikuwepo ule utelezi. Nikautambua kama mtu anavyotambua sauti ya mgomvi wake gizani. Nikaficha mikono mfukoni, maana jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba nimeshalaaniwa.

Msimamizi wetu akaniona. "Una nini?"

"Kuna mafuta hapa, bosi. Lakini si mimi."

Alicheka. "Nani kakwambia ni mafuta? Hiyo ni rangi yenyewe. Ukiipaka kwenye baridi na unyevu, ile dawa ya kugandisha inapanda juu inafanya utando. Unateleza kama nta. Chukua kitambaa na maji, futa."

"Maji ya sabuni?"

"Maji matupu yanatosha. Usipoufuta, mkono wa pili haushiki, utabanduka wote."

Nilifuta kwa maji matupu. Utando ukatoka. Nikagusa tena: pakavu, pagumu, hapatelezi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na msimamizi akadhani naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa naona ufukwe wa Bangwe alfajiri, chuma baridi kinachotoka jasho la umande, na mtu mrefu mwenye brashi akinipa mimi kosa lake mwenyewe.

Mtu mwingine angepanda treni jioni hiyo hiyo. Mimi sikupanda. Nilijua nikirudi kibarua, nikamweleza fundi mkuu habari za utando, atasema Mikono ya Mawese amepata maneno mapya. Nikataka nirudi na karatasi yenye muhuri. Nikaenda chuo Dar es Salaam, na kila mtihani nilioufanya niliufanya mbele ya uso wake. Wenzangu walisoma ili wapate kazi. Mimi nilisoma ili mtu mmoja anyamaze. Nilishika nafasi ya kwanza katika somo la kuzuia kutu, na sidhani kama chuo kile kimempata mwingine aliyelisoma kwa chuki kama yangu.

Niliporudi, nilifungua karakana yangu Bangwe, mahali ambapo fundi mkuu angeiona kila anaponyanyua kichwa. Alikuwa amezeeka, ndevu zimekuwa nyeupe, lakini sauti ilikuwa ile ile. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mikono," alijibu, na vibarua wake wakaangua kicheko, ingawa siku ile ya kamba walikuwa hata hawajazaliwa.

Nikatabasamu. Nilikuwa na subira ya kutosha hadi kiyama.

Haikufika kiyama. Kiangazi hicho yule mama mwenye boti alileta boti mpya ya chuma, ndogo, nzuri, iliyochomelewa vizuri, ikalazwa juu ya magogo ikisubiri rangi. Ile ya kwanza ilikuwa imeliwa na kutu zamani. Nilimfuata dukani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye nani, mwanangu? Macho yangu siku hizi..."

"Ni mimi. Uliyeniambia nikanawe."

Alivuta kiti, akaniambia nikae. Alikuwa mwanamke wa biashara, hakupoteza muda kujifanya amesahau.

"Umekuja kunigombeza?"

"Nimekuja kuomba kazi. Nusu ya kazi." Nikamweleza. Boti ina mbavu mbili. Ubavu mmoja apake fundi mkuu kwa namna yake, mwingine nipake mimi kwa namna yangu, rangi moja, makopo yale yale. Baada ya mkono wa kwanza tutazame. Utakaoharibika utapigwa msasa na kurudiwa kabla boti haijagusa maji, kazi hiyo ni juu yangu.

"Na ukiharibika wako?"

"Hauharibiki."

"Una majivuno wewe."

"Nina stashahada, mama."

"Boti yangu ya kwanza ilinifia mkononi," alisema. "Siku zote nimeamini ni wewe uliyeniulia. Kama si wewe, nataka kumjua aliyeiua. Fanya."

Fundi mkuu alipoambiwa alicheka hadi akakohoa. "Anashindana na mimi? Hebu niambie kijana, huko chuoni kwenu kulikuwa na ziwa?"

"Kulikuwa na bahari, mzee."

Vibarua wake wakajiuma midomo. Yeye akanuna. Nilimwacha achague ubavu, akachagua unaotazama ziwa, kwa sababu huo ndio unaoonwa na kila apitaye kwa mtumbwi. Mimi nikabaki na unaotazama vilima. Nilijua huo wake ndio wa mwisho kuliona jua, na sikusema kitu.

Tuliandaa chuma pamoja. Hapa sitamsingizia: alipiga grenda vizuri, akaondoa kutu yote, akafuta kwa tina, ile dawa ya kuondoa mafuta, hadi kitambaa kikatoka cheupe. Nilifurahi kuona hivyo. Nilitaka akosee kosa lake lenyewe, safi, lisilochanganyika na kosa jingine.

Kisha akafanya jambo ambalo kama ningemwomba asingelifanya. Alifunga kamba kuzunguka ubavu wake, akatangaza mbele ya watu, "Huyu bwana asivuke hapa. Mikono yake tunaijua." Akamweka mkwewe kwenye kiti alinde.

"Mlinzi mmoja anatosha, mzee?" nilimuuliza. "Ongeza. Nataka mashahidi wawe wengi."

"Wewe cheka tu."

Nilikuwa nacheka kweli. Kwa kamba ile alikuwa amejifungia ndani na kosa lake, na mlango amekomea kwa mkono wake.

Alfajiri alifika na watu wake. Nilikuwepo nimesimama mbali, na kikombe cha chai. Vilima vilikuwa vyeusi, ziwa limetulia, baridi inashuka kutoka juu kama kawaida yake. Kabla hajachovya brashi, nilienda kwenye ubavu wangu, nikaweka kiganja kwenye chuma, nikakiondoa. Kilikuwa kimelowa chepechepe. Nikakinyanyua juu, nikamgeuzia akione. Sikutamka neno.

Alikitazama. Nina hakika alikitazama. Akasema, "Umeshaanza kunawa?" na watu wake wakacheka, akachovya brashi.

Basi. Kama kulikuwa na deni la onyo, nililipa pale kwa kiganja. Zaidi ya hapo hakustahili, na hata leo sijabadili mawazo.

Alimaliza ubavu wake nami sijagusa brashi. Wapita njia walinisuta: "Msomi bado amelala?" "Anasubiri kengele ipigwe aingie darasani!" Niliendelea kunywa chai. Jua lilipovuka vilima, nikafuta chuma kwa vitambaa vikavu, nikaacha kipate joto. Nikabandika kipande cha gazeti ubavuni, kilishika. Chuma chenye unyevu hushika karatasi. Nikasubiri tena, nikabandika kingine, kikaanguka chenyewe. Ndipo nikaleta ndoo yangu, nikanawa mbele ya watu hadi kwenye viwiko, nikavaa glavu, nikachanganya, nikapaka. Niliupitia ubavu ule kwa rola bila kurudia mahali, rangi ikalala nyororo kama ganda la yai. Jioni kabla hewa haijapoa, nikaufunika kwa turubai.

Asubuhi iliyofuata sikwenda kwanza ufukweni. Nilikwenda na bodaboda Ujiji kumchukua mama. Nilimkuta anapanga chupa zake.

"Mama, njoo Bangwe. Beba na chupa moja."

"Mwanangu, yale yalishapita."

"Hayajapita. Juzi hapa sokoni, yule muuza vitunguu alikuitaje?"

Mama akazungusha kizibo cha chupa mara mbili, ingawa kilikuwa kimeshakaza. Akajifunga kanga vizuri, akapanda pikipiki.

Tulipofika, habari zilikuwa zimeshatangulia, maana nilizituma mimi. Wachuuzi wa dagaa walikuwa wamesogea, mafundi wa mbao wameacha misumeno, mwenye boti amekaa juu ya gogo. Fundi mkuu alikuwa tayari amechanganya rangi ya mkono wa pili, brashi mkononi, lakini hajaanza. Alikuwa ameweka kiganja kwenye ubavu wake na hakiondoi.

"Kuna nini, mzee?" nilimuuliza kutoka nje ya kamba.

Mwenye boti akainuka, akapita chini ya kamba, akagusa. Akavisugua vidole vyake.

"Inateleza," alisema. "Kama ile ya kwanza."

Manong'ono yakaanza. Mkwewe fundi mkuu akasimama kutoka kwenye kiti, akaapa kwamba hakuna aliyevuka kamba, kwamba hata kuku hakupita. Maskini hakujua anamkaba nani.

"Mama yangu ndiye anayeyajua mawese hapa," nilisema. "Tangu sijazaliwa anayashika. Siku ile hakuna aliyemwita aulizwe. Leo nimemwita. Mama, hayo ni mafuta yako?"

Mama alipita chini ya kamba taratibu. Akagusa rangi, akanusa kidole. Kisha akafungua chupa yake, akamimina tone moja la mawese, jekundu, pembeni ya pale alipogusa. Akamgeukia fundi mkuu, akamwamkia kwa Kiha kama watu wazima wanavyoamkiana, "Mwakeye," maana mama yangu hagombani na mtu kabla hajamsalimia. Kisha akachukua kitambaa, akakilowesha kwa maji matupu ya ziwa, akafuta.

Pale palipokuwa na utelezi pakawa pakavu. Kitambaa kikapita, utando ukaondoka, rangi ikabaki imefifia kama jicho lenye mtoto. Pale kwenye tone la mawese kitambaa kilipita, kikarudi, kikapita tena. Mawese yakatanda tu, mekundu, yakang'aa juani, yakakataa kutoka.

"Haya ndiyo mawese," mama alisema. "Yale mengine siyajui. Mawese gani hayana rangi, hayanuki, yanatoka kwa maji matupu?"

Nikavuka kamba. Hakuna aliyenizuia, hata mlinzi. Nikachukua kisu cha kukwangulia, nikakitia kwenye rangi ya fundi mkuu, na kipande kipana kama kiganja kikainuka chote. Chini yake chuma kilikuwa na madoa madogo ya kutu mpya, ya jana, kila doa mahali tone la umande lilipokuwa limelala. Nikaenda ubavu wangu, nikavua turubai, nikaweka kisu kile kile na kukiegemea kwa uzito wangu wote mbele ya macho yao. Kikaacha mstari mwembamba tu, kikalia kama kinakwaruza kigae.

"Mzee," nilisema, "rangi yako jana uliipaka juu ya nini?"

Alikuwa anayatazama yale madoa ya kutu. Alikuwa fundi, na fundi akiona, ameona.

"Umande," alisema, kwa sauti ya chini kabisa.

"Samahani mzee, mama yangu ni mtu mzima, huenda hajasikia."

"Nimesikia," mama alisema. Akaziba chupa yake, akaikaza. "Lakini arudie."

Nilimpenda mama yangu siku ile kuliko siku zote.

"Ni umande!" alisema fundi mkuu, na sasa ilikuwa ile sauti yake ya kuamrisha, ila haikuwa na wa kumwamrisha. "Haikuwa mikono ya mtu. Si leo, si siku ile. Ni umande."

Mtu mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikazunguka ufukwe mzima kama kilivyozunguka siku ya kamba, ila safari hii kilijua pa kwenda. Vidole vya fundi mkuu vilikuwa bado na ule utando, vinang'aa, naye amevitanua kama mtu asiyejua avifutie wapi. Mwenye boti alimsogelea. Nilidhani atamtukana. Akamtazama kwa huruma, ile ile ninayoifahamu, na kusema:

"Nenda kanawe, mzee."

Akaenda. Watu walimpisha njia. Niliusimamia ule mwendo wake wote hadi majini, nikamtazama anavyoinama, anavyosugua, anavyoinuka na maji yanamtiririka kwenye viwiko. Kuna watakaosoma hapa wakisubiri niseme kwamba nilimwonea huruma, moyo ukalainika, nikaona hasira haina faida. Wasubiri. Nililala vizuri usiku ule kuliko nilivyolala siku ya mahafali yangu.

Sokoni Ujiji jina lilikufa ndani ya wiki. Yule muuza vitunguu sasa humwita mama "Mama Injinia," na mama humwuzia chupa zake bila kumpunguzia hata senti.

Ubavu wa ziwa ulipaswa kurudiwa, kama nilivyoahidi. Mwenye boti akasema fundi mkuu ataurudia mwenyewe, chini ya macho yangu. Sikutoa wazo hilo mimi, lakini sikulipinga pia. Tuliukwangua hadi chuma kikawa kitupu. Siku ya kupaka, kwa mazoea ya maisha yake yote, alifika alfajiri. Nami nilifika, nimebeba chai yangu. Nikampa vitambaa vikavu na gazeti la zamani, nikamwonyesha jinsi ya kubandika. Akabandika. Likashika.

Tulikaa juu ya gogo, yeye na mimi. Kivuli cha vilima kilikuwa kinarudi nyuma polepole juu ya maji. Wapiga kasia walipita, wakatusalimia, wakatazamana.

"Sasa?" aliniuliza.

"Bado, mzee."

Akafuta tena. Jua likafika kwenye paa la karakana yangu, likashuka ukutani, likagusa mchanga. Akabandika gazeti, likaning'inia upande mmoja.

"Sasa?"

"Bado."

Jua lilipopanda likavuka mgongo wa boti, mwanga ukashuka kwenye ubavu wake, chuma kikaanza kupata uvuguvugu. Akabandika kipande kingine, kikaanguka papo hapo miguuni pake. Akakitazama, akaokota brashi, akanigeukia. Nilijua chuma kimekauka. Yeye pia alijua, maana huwezi kumficha fundi mara mbili. Lakini alisubiri neno langu, brashi mkononi, mbele ya ufukwe mzima.

Nikanywa chai yangu taratibu hadi nikaona majani kwenye kitako cha kikombe.

"Bado," nilimwambia.